Kiwanja ni cha shule, hewa je? Kuhusu kurusha ndege za rimoti kwenye shule za serikali Uganda

Swali ninaloulizwa sana tangu watu waanze kuniona na hii ndege yangu ya sponji nimeikumbatia juu ya boda ni hili: "Si shule ya serikali ile? Si mali ya wote? Nani atakukataza?" Kila mara nacheka, maana hilo swali moja limebeba maswali manne yamepigwa fundo, na watu wengi wanajibu lile la kwanza tu alafu wanadhani wamemaliza.

Mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo hapa Jinja. Nilienda kwa hedi ticha wa shule ya msingi karibu na kwetu, mtu mzuri sana, nikamwambia mwalimu naomba kiwanja Jumamosi asubuhi, nina kandege kangu ka kuchezea, akasema hakuna shida ila usinivunjie madirisha. Basi nikajua nimemaliza. Wiki ya tatu ndege iko juu, kama mara mbili ya ule mwembe wa pembeni, nikasikia pikipiki imezimwa getini, wakaingia watu wawili, mmoja na yunifomu mmoja na nguo za kawaida, na huyu wa nguo za kawaida akaniuliza kwa kile Kiswahili cha kambini: "Hiyo droni ni ya nani na inapiga picha ya nini?" Nikasema afande hii si droni, ni ndege ya kuchezea, haina kamera. Akasema shusha. Sasa kushusha ndege mikono inatetemeka si kazi ndogo, ikaja ikapiga pua chini mbele ya goli, propela ikakatika. Hawakunifanya kitu, waliandika jina, wakataka karatasi, nikasema hedi ticha ameniruhusu. Afande akanitazama akasema: "Mwalimu ni wa hapa chini. Huko juu uliuliza nani?"

Nilikasirika siku hiyo, lakini baadaye nilikuja kuona yule mtu alikuwa amenipa somo zima kwa sentensi mbili.

Tuanze na hapa chini basi. Shule nyingi tunazoziita za serikali Uganda hazikuanzishwa na serikali. Zilianzishwa na Kanisa la Uganda, au Wakatoliki, au Waislamu, serikali ikaja baadaye na walimu na mishahara, na kuanzia 1997 ikaja na UPE, elimu ya msingi kwa wote. Ndo maana majina yana Mtakatifu fulani mbele, au yanaishia na C/U ya Kanisa la Uganda, au UMEA ya Waislamu. Ardhi yenyewe mara nyingi bado ni ya hao waasisi, serikali inasaidia shule lakini hati ya kiwanja iko kwenye kabati la dayosisi huko. Sheria ya Elimu ya 2008 inaweka kamati ya usimamizi kwa shule za msingi, na bodi ya magavana kwa sekondari, na waasisi wana wajumbe wao mle ndani, pamoja na mwenyekiti. Hedi ticha anaendesha shule kila siku, ndiyo, lakini ile "hakuna shida" yake ya mdomo haimfungi mwenyekiti wa kamati, haimfungi kasisi ambaye Jumamosi hiyo hiyo ana mkutano wa injili pale pale, na zaidi ya yote haimlindi hedi ticha mwenyewe. Mtoto akiumia, mtu wa kwanza kuitwa ofisini kwa DEO, afisa elimu wa wilaya, ni yeye, na wewe uko zako nyumbani unabandika bawa na gundi.

Kwa hiyo neno "ya umma" hapa halina maana ya kila mtu aingie afanye atakalo. Lina maana kuna watu wanaitunza kwa niaba ya wengine, na hao ndo wa kuombwa, kwa barua, yenye siku na saa, uzito wa ndege, kwamba haina kamera, na nani atalipa ikivunja kitu. Barua yangu ya sasa ni ukurasa mmoja na nusu, nakala moja kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Mwenyekiti wa LC1 hana mamlaka ya anga hata kidogo, najua, lakini mama wa jirani akiona kitu kinanguruma juu ya mabati yake hapigi simu Entebbe kwa watu wa anga, anapiga kwa mwenyekiti.

Sasa huko juu. Kila chombo cha kiraia kinachoruka kwenye hewa ya Uganda kiko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA, makao yake Entebbe, na hiyo inaingia mpaka vitu visivyo na rubani ndani. Hapa ndo watu wanachanganyikiwa, maana kuna mjadala wa zamani kama ndege ya kuchezea ni sawa na droni. Kwa mrushaji si sawa kabisa. Droni ya propela nne inakaa hewani yenyewe, mara nyingi ina GPS, ukiachia rimoti inasubiri. Ndege ya mabawa ukiachia rimoti inaenda ikaanguke inapotaka, inabidi uirushe kila sekunde, na huo ndo utamu wake. Lakini kwa mtu aliye getini vyote ni kitu kidogo kinachoruka na hakina mtu ndani.

Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, liliandika 2011 kwamba ndege za mfano zinazorushwa kwa burudani tu haziko chini ya ule Mkataba wa Chicago wa 1944, zinaachiwa sheria za kila nchi. Watu wakisikia hivyo wanafurahi, ahaa, tuko huru! Hapana bwana, ni kinyume. Maana yake hakuna kanuni moja ya dunia ya kujifichia, nchi yako ikisema omba kibali, basi ni kibali. Ndo maana video za Marekani zinapotosha watu. Unaona baba na mwanae wanarusha ndege kwenye kiwanja cha shule, raha mustarehe, huoni kwamba ndege ikizidi gramu 250 imesajiliwa FAA, mamlaka yao ya anga, kwamba baba alifanya ule mtihani mfupi wa intaneti unaoitwa TRUST, kwamba pale kwenye hewa isiyo na udhibiti mwisho wake wa kuruka ni futi 400, yaani mita 120 hivi, na kwamba wilaya ya shule yenyewe ina haki ya kusema hatutaki. Hata kwao uwanja na hewa ni ruhusa mbili tofauti. Sisi kwetu tunaongeza ya tatu, usalama.

Hii ya usalama wengi wanaigundua wakishachelewa. Droni haiingii Uganda hivi hivi kama simu, inataka kibali kutoka upande wa ulinzi kabla haijafika, na forodha Entebbe huwa wanazishika mikononi mwa watu waliodhani ni zawadi tu. Wengi wetu wa ndege za sponji tunajikatia wenyewe hapa hapa kwa hiyo mwili wa ndege haupiti forodha, lakini ikishapaa haina paspoti ya kuonyesha kwamba ilizaliwa kwenye veranda ya Walukuba hapa Jinja. Na fikiria Jinja ilivyo. Kuna kambi, kuna chuo cha makamanda Kimaka, kuna uwanja wa ndege mdogo huko huko Kimaka, kuna bwawa la Nalubaale. Karibu kila kiwanja kizuri cha shule ukisimama katikati unaona kitu ambacho mtu fulani analipwa kukilinda. Kwa hiyo yule afande hakuwa na roho mbaya, alikuwa kazini, na mimi ndo nilikuwa sina karatasi.

Mahali pengine shida ni nyingine. Shule za barabara ya Entebbe ziko na uwanja mdogo wa ndege wa Kajjansi upande mmoja, ndege ndogo zinapita chini chini zinatafuta kutua, na uwanja mkubwa wenyewe uko mbele. Busia ni kichekesho kabisa, ukipiga kona pana upande wa mashariki umeshaingia Kenya, na sasa una mamlaka mbili za anga za kueleza habari za ndege moja ya nusu kilo. Popote ulipo, ukisikia helikopta, shusha kwanza, usitafute iko wapi, shusha.

Redio nitapita haraka. Rimoti za siku hizi ziko kwenye 2.4 GHz, mawimbi yale yale ya Wi-Fi, na zinarukaruka masafa zenyewe kwa hiyo watu watatu wanaweza kurusha pamoja bila kugongana. Zamani za 27 na 72 MHz jamaa akiwasha rimoti yake kwenye chaneli yako, ndege yako imekwisha, watu walikuwa wanatundika vibanio vya nguo ubaoni kuonyesha nani ana chaneli gani. Upande wa serikali mambo ya redio ni ya UCC, tume ya mawasiliano. Usinunue kile kiboksi cha kuongeza nguvu ya mawimbi, humo ndo unajitafutia kesi bila sababu, kiwanja chenyewe mita mia. Kitu cha kuangalia zaidi ni hiki: 2.4 GHz haipendi kupita ndani ya jengo wala mti uliolowa mvua. Ndege ikizunguka nyuma ya madarasa, imepotea, na hapo inategemea uliweka nini kwenye feilsefu, yaani ile amri ya kufuatwa mawimbi yakikatika. Rimoti nyingi za bei yetu, usipoingia kwenye menyu ukaweka mwenyewe, ndege ikipoteza mawimbi inabaki na amri ya mwisho, yaani kama mota ilikuwa imefunguliwa nusu inaendelea nusu mpaka ikutane na kitu. Weka mota izime. Alafu ijaribu chini, zima rimoti huku umeshika ndege vizuri, uone kama propela inasimama. Nimewahi kukutana na mtu amerusha miezi sita hajawahi kujaribu.

Sasa nije kwenye kile ambacho mimi naona ndo kiini, na ambacho karatasi zote haziwezi kukisaidia. Kiwanja cha shule ni kidogo kuliko unavyodhani.

Kiwanja cha mpira kamili ni mita 105 kwa 68, na vya shule za msingi vingi havifiki hapo. Chukua ndege ya kawaida ya wanaoanza, kilo moja, inakwenda mita 15 kwa sekunde, hiyo ni kama kilomita 54 kwa saa, mwendo wa taksi mjini ikipata barabara wazi. Goli hadi goli ni sekunde saba. Ukitaka kugeuka, ukailaza nusu, digrii 45, inahitaji duara la kipenyo cha mita 46 hivi. Toa 46 kwenye 68, umebaki na mita 11 kila upande, hapo upepo haujavuma na wewe hujashtuka. Maana yake ni kwamba, utake usitake, kila mzunguko unapita karibu na mabati ya madarasa au nyumba za walimu ambako mtu anafua. Na hiyo kilo moja kwa mwendo huo ikigonga kitu ni kama umeangusha pakiti ya kilo ya sukari kutoka mita 11 na nusu, kwenye dirisha la ghorofa ya tatu huko. Yenye propela mbele.

Alafu chukua ndege nyingine, ya sponji nyepesi, nusu kilo, mabawa mapana, inaenda mita 8 kwa sekunde. Duara lake ni mita 13. Nguvu ya kugonga si nusu ya ile ya kwanza, ni sehemu moja ya saba, kwa sababu kasi inahesabiwa mara mbili, uzito mara moja. Hii hesabu ndogo ndo ilinifanya niuze ndege yangu ya kwanza, ambayo nilikuwa naipenda sana, ilikuwa nyekundu. Wanaoanza wanatafuta ndege ya kasi kwa sababu inaonekana ya kweli. Kwa shule tafuta inayoonekana kama nailoni imepeperushwa na upepo.

Na kuna kitu cha huku kwetu ambacho maelekezo ya kwenye boksi hayakwambii. Jinja, Entebbe, Kampala, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua letu ni lile lile, kwa hiyo hewa ni nyepesi kuliko ile ya kwenye hesabu za watengenezaji, kama asilimia 15 hivi. Bawa linapata hewa kidogo ya kuegemea, ndege inabidi iende kasi zaidi, karibu asilimia 8, ndo ibaki juu. Mtu wa Mombasa akikupa ndege yake akakwambia inatua polepole, kwako itatua kwa haraka kuliko alivyosema, na kiwanja kilichokuwa kidogo kimekuwa kidogo zaidi.

Upepo nao. Karibu na ziwa asubuhi saa moja hadi saa tatu hewa imelala, moshi wa jikoni unapanda wima. Ikifika adhuhuri upepo unaanza kutoka ziwani, mchana mawingu yanajaa, na ile ngurumo ya saa tisa kila mtu anaijua. Saa moja asubuhi pia watoto hawajaja kucheza, kwa hiyo unapata mambo mawili kwa bei ya moja. Shida inayobaki ni ndege wenye manyoya. Kalooli, yule korongo marabu, sina hofu naye sana, ni mkubwa, anafika kilo 9, anaruka kwa heshima, unamwona toka mbali na unamkwepa. Mwewe ndo mtihani, wale wanaoitwa kamunye, ambao taksi zetu zimechukua jina lao na tabia yao ya kupita popote. Mwewe anaona ndege ya sponji kama mgeni kwenye eneo lake, anakuja kutoka juu, nyuma, mahali ambapo macho yako hayapo. Mmoja aliniachia mikwaruzo mitatu kwenye bawa, mpaka leo naionyesha watu kama cheti.

Kuhusu watoto. Mtoto hasimami pembeni, usijidanganye. Ndege inaposhuka kutua, ndo wakati inapendeza, wanakimbia kuipokea, na wanakimbia kuelekea pale pale inapokuja. Niliona mara moja kijana wa P.3, darasa la tatu, ametoka nyuma ya goli amenyoosha mikono kama anadaka mpira, nikafungua mota yote nikapaa tena juu yake, sikumbuki nilipumua saa ngapi. Tangu siku hiyo nina mtu wa pili, kazi yake si kutazama ndege, kazi yake ni kuipa ndege mgongo na kutazama watu. Bila mtu huyo sirushi. Kamba ya katani kutoka nguzo hadi nguzo, watoto nyuma ya kamba, mwalimu mmoja nao, ndege haipiti upande wao hata iwe imebaki na chaji ya kutua tu. Wiki za PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na mitihani mingine ya UNEB, baraza la mitihani, usikanyage kabisa kompaundi, hapo hakuna cha barua wala cha urafiki.

Kamera acha nyumbani. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, na picha za watoto wa watu kutoka juu ni jambo la wazazi wao, si lako, na pia kamera ndo inageuza ndege ya kuchezea kuwa kile ambacho afande alikuwa anashuku. Betri za lipo, zile za lithiamu za ndege hizi, nazo usizichaji ndani ya darasa, zikivimba au zikitobolewa zinawaka moto mkali na moshi mbaya, mimi zangu zinasafiri ndani ya sufuria ya zamani yenye kifuniko, watu kwenye boda wanadhani nimebeba chakula, katogo.

Na pesa. Marekani kuna chama kinaitwa AMA, kimekuwepo tangu 1936, mwanachama anapata bima ya madhara kwa wengine hadi dola milioni 2.5, na mwenye kiwanja, hata akiwa shule, anaweza kuandikwa kwenye hiyo bima. Hiyo ndo siri ya kwa nini shule nyingine kule zinakubali kirahisi, si kwamba wanapenda ndege kutuzidi. Hapa kwetu niliandika kwenye barua kwamba kioo, bati, matibabu ni juu yangu, nikasaini mbele ya mwenyekiti, na hiyo sentensi moja ilibadilisha sura za kamati kuliko maelezo yangu yote ya mabawa na mota. Kioo kimoja nimeshalipa tayari.

Kwa sasa nilipofika ni hapa: shule imekubali kwa maandishi, Jumamosi saa moja hadi saa tatu asubuhi, LC1 ana nakala, na maombi ya kibali cha anga yameenda, nasubiri. Ndege ya mota iko ukutani mpaka jibu lije. Lakini Jumamosi hatukai bure, tunakata vigilaida vya mkono kwa sponji za boksi za TV, havina mota, havina redio, havifiki gramu 30, unarusha kwa mkono kama jiwe. Watoto wanagundua wenyewe kwamba bila uzito puani kinapanda, kinasimama, kinaanguka mkia kwanza, alafu wanabandika sarafu ya shilingi mia mbele na kinakwenda moja kwa moja kama kimeambiwa. Wiki iliyopita kimoja kilitulia juu ya mabati ya P.5, kiko huko mpaka leo na shilingi mia yake, na hakuna aliyempigia mwenyekiti simu.